Nanofluidiki: Maji Yanapotawaliwa na Ukuta

Nanofluidiki ni tawi la sayansi linalochunguza jinsi vimiminika, hasa maji yenye chumvi, vinavyopita katika mirija, mianya na matundu yenye upana wa nanomita 1 hadi 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, ilhali molekuli ya maji haizidi sana nanomita 0.3, kwa hiyo ndani ya mrija wa nanomita 2 molekuli zinazoweza kujipanga kutoka upande mmoja hadi wa pili ni sita au saba tu.

Udogo peke yake, hata hivyo, hauielezi dhana hii. Jambo la msingi ni ukuta. Katika bomba la kawaida la nyumbani lenye upana wa sentimita 2, molekuli zinazogusa ukuta kwa wakati wowote ni kama 6 katika kila milioni 100, nazo zilizobaki hazina habari kwamba bomba lipo. Katika mrija wa nanomita 2, karibu nusu ya maji yote yamegusana na ukuta. Hapo tabia ya ukuta, yaani ulaini wake, chaji yake ya umeme na namna unavyopatana na maji, ndiyo inayoamua mwendo wa maji.

Si ajabu basi kwamba watafiti wengi wa fani hii walianzia katika uhandisi wa kemikali. Mwanafunzi wa uhandisi huo hutumia miaka yake ya mwanzo chuoni akijifunza jinsi mwendo, joto na maada vinavyosafiri kutoka mahali hadi mahali, na mojawapo ya kanuni anazokutana nazo mapema ni ile iliyogunduliwa kuelekea mwaka 1840 na Hagen wa Ujerumani na Poiseuille wa Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake: ukipunguza upana wa mrija kwa nusu bila kubadili msukumo, maji yanayopita hupungua hadi sehemu moja ya kumi na sita. Kanuni hiyo huchukulia kwamba maji yanayogusa ukuta hayasogei kabisa. Mwaka 2006 watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore, California, walipitisha maji katika mirija ya kaboni yenye upana usiofika nanomita 2, wakakuta yanapita kwa wingi unaozidi makadirio ya kanuni kwa zaidi ya mara elfu moja. Ukuta wa kaboni ni laini mno, na maji huteleza juu yake badala ya kung'ang'ania. Kwa mtu aliyefanya mamia ya hesabu kwa kudhani kwamba maji ya ukutani yametulia, matokeo kama hayo yanatosha kumbadilishia mwelekeo wa masomo yake yote.

Chaji ya umeme nayo ina maajabu yake. Kioo kikiguswa na maji, uso wake hupata chaji hasi, nao huvuta ioni (chembe za chumvi iliyoyeyuka zenye chaji ya umeme) zenye chaji chanya zikaujengea tabaka. Katika maji ya bahari tabaka hilo halifiki nanomita 1, lakini katika maji yenye chumvi kidogo sana hufika nanomita 10 hivi. Mfereji wa kioo wenye upana wa nanomita 20 ukijazwa maji hayo, matabaka ya kuta mbili hukutana katikati, na mfereji hugeuka kuwa mlango unaopitisha zaidi ioni chanya na kuzizuia zile hasi. Hakuna chujio lililowekwa pale. Ni nafasi iliyobana tu.

Miili yetu imekuwa ikifanya kazi hii tangu zamani. Peter Agre alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa kugundua akwaporini, protini ya utando wa seli yenye tundu la takriban nanomita 0.3, ambalo hupitisha molekuli za maji zipatazo bilioni 3 kwa sekunde huku likizizuia ioni.

Hapa inafaa kuweka mpaka, kwa sababu neno "nano" limeenea. Chujio la maji la Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha, mhandisi wa kemikali aliyeshinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering, taasisi ya wahandisi ya Uingereza, mwaka 2015, ni kazi kubwa ya teknolojia ya nano. Hata hivyo, nguvu yake iko katika kunasa floridi na uchafu mwingine, ilhali nanofluidiki hushughulika na mtiririko wenyewe.

Mfano ulio karibu nasi wa mtiririko huo ni kifaa cha kusomea DNA cha kampuni ya Oxford Nanopore, kidogo kiasi cha kushikwa kwa mkono mmoja. Ndani yake mna matundu ya protini ambamo mkondo wa ioni hupita bila kukoma. Uzi wa DNA unapopenyezwa katika tundu, kila kundi la herufi zake, yaani viungo vya kemikali vinavyobeba taarifa za urithi, huuziba mkondo kwa kiwango chake, na kompyuta husoma herufi kutokana na kupanda na kushuka kwa mkondo huo. Wanasayansi wamekipeleka kifaa hiki katika mashamba ya mihogo ya Tanzania, Kenya na Uganda ili kutambua virusi vya batobato na michirizi ya kahawia papo hapo, bila kusubiri sampuli ya jani isafiri hadi maabara ya mbali.