Nguo za darasa la jazz, haya tunayoambiana sio kweli

Kila mtu mpya akitaka kuanza darasa la kucheza dansi ya jazz anauliza avae nini, na majibu anayopewa mengi yanamkatisha tamaa kabla hata hajaingia mlangoni.

"Vaa nguo pana ndo uwe huru." Hii ndo inayoniuma kuliko zote. Kwenye jazz unafundishwa kutenganisha viungo, nyonga iende peke yake, mbavu peke yake, bega peke yake, sasa ukiwa umezama ndani ya tisheti la XL mwalimu ataona nini? Goti likilalia ndani kwenye plie, yani ukikunja magoti kushuka chini, hatoliona, na likilalia hivyo kila wiki mwisho wake ni maumivu. Mama zetu wa pwani walishalijua hili jamani, kwenye chakacha leso inafungwa palepale kwenye nyonga ili kila mzunguko uonekane. Taiti na fulana inayoshika mwili, basi.

"Kwahiyo lazima leotadi, na mapaja nje." Hapana kabisa. Leotadi, lile vazi la kipande kimoja linalobana mwili na kuacha miguu wazi, jina lake limetoka kwa Jules Léotard, Mfaransa wa karne ya 19 aliyekuwa akiruka kwenye bembea za sarakasi, yani lilianza kama vazi la kazi, tena la mwanaume. Kubana sio kukaa uchi. Dada wa hijabu vaa taiti nyeusi nzito isiyoonyesha, fulana ya mikono mirefu na kilemba cha kuvuta kisicho na pini, maana pini inachomoka ukizunguka. Ila uliza kwanza, kuna darasa lina sare yake.

"Raba za mazoezi zinatosha, au soksi tu." Soli ya raba imetengenezwa ing'ang'anie chini. Kwenye pirueti, ule mzunguko wa mguu mmoja, unazungukia sehemu ya mbele ya unyayo, mguu ukigoma na mwili umeshaondoka, anayelipa ni goti. Soksi nazo ni kinyume chake, mi niliamini soksi miezi kadhaa mpaka siku niliyoruka nikatua kwenye sakafu ya mbao mguu ukakimbia, nikajishika kwa kiganja, wiki tatu nilikuwa siwezi kukamua nguo. Kiatu cha jazz ni cha ngozi laini, na kile chenye soli ya vipande viwili, kimoja mbele kimoja kisiginoni, katikati ni ngozi tupu, unaweza kukikunja mkononi kama pochi. Ndo maana unyayo unajikunja na kunyooka vizuri. Kivae kikiwa kimekushika, ngozi itaachia yenyewe, na usitoke nacho nje kikaleta mchanga ukumbini. Hela haijapatikana? Muulize mwalimu kama unaweza kucheza peku kwa sasa.

"Pamba ndo inafaa kwa jasho." Pamba inanyonya jasho afu inabaki nalo, nusu saa tu fulana imekuwa nzito imegandia mgongoni. Tafuta ya nailoni au poliesta yenye spandeksi kidogo, hata mitumba zipo nyingi, ivute kwa mikono miwili uone kama inarudi.

"Jazz ni nyeusi tupu na kofia." Watu wameona picha za kazi za Bob Fosse, yule mtunzi wa dansi wa Marekani, zile kofia na glavu, ila yale ni mavazi ya jukwaani. Darasani rangi yoyote, labda mwalimu aseme vingine.

"Urembo hauna shida." Bangili na hereni ndefu vua, rasta zifunge juu zisikuchape machoni wala kumchapa mwenzio. Na shanga za kiunoni jamani, hizi hazisemwi kwasababu hazionekani. Mazoezi ya sakafuni unajiviringisha juu yake, zinakuchimba kwenye mfupa wa nyonga, na uzi ukikatika darasa lote linasimama kuokota punje mojamoja maana kuna watu wako peku. Zivue nyumbani, ukishaoga unazivaa.