Je, wajua kwa nini huruhusiwi kupiga lipu ya saruji Mji Mkongwe?

Mwenye nyumba Mji Mkongwe, Unguja, akiona ukuta umebanduka, hawezi kuita fundi na kuagiza mifuko ya saruji siku hiyo hiyo. Kwanza anahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, chombo kilichoanzishwa mwaka 1985. Akishakipata, ukuta wa zamani hutakiwa kupigwa lipu ya chokaa. Wengi hudhani ni mambo ya sura tu, ili mji uwapendeze watalii, hasa tangu UNESCO iliposajili mji huu kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Lakini sababu kubwa imo ndani ya ukuta wenyewe.

Kuta zile ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na aghalabu unene wake unafika nusu mita au kuzidi. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, hunywa maji: ya masika yanayopiga ukuta, ya bomba linalovuja, na yale yanayopanda taratibu kutoka ardhini. Mafundi wa kale hawakushindana na maji hayo, waliyaachia njia. Chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo unyevu ulioingia hutoka tena jua linapowaka, kama jasho linavyopita kwenye ngozi.

Saruji huiziba njia hiyo. Tena ni ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake. Ukuta ukisogea kidogo, saruji hupasuka, mvua ikapenya kwenye ufa na isipate pa kutokea. Chumvi iliyoyeyuka kwenye maji hugeuka chembe nyuma ya lipu na kuisukuma nje, ikabanduka na vipande vya jiwe. Mwenye nyumba huona mapovu ya rangi na ukungu, akaongeza saruji nyingine juu yake.

Kinachotisha zaidi ni boriti. Dari na sakafu za ghorofa hulala juu ya magogo ya mikoko yasiyozidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu. Ncha za boriti zimezikwa ukutani. Ukuta ukikaa majimaji, ncha huoza mahali ambapo jicho halifiki, na siku moja sakafu hushuka na waliomo.

Ukilielewa hilo, masharti mengine yanajieleza. Kuongeza ghorofa au kumwaga zege ni kuutwika ukuta wa mawe na udongo mzigo ambao haukujengewa. Na kwa kuwa nyumba nyingi zimeshikana, ukuta wako ukilemewa, jirani naye yumo hatarini.

Nakiri sharti hili ni zito kwa mkaazi wa kawaida. Saruji hukauka haraka na kila fundi anaijua. Chokaa huchomwa kwenye tanuri, huzimwa kwa maji, kisha huachwa ilainike kwa wiki au miezi. Ikishapigwa ukutani hukauka polepole, ikivuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Inataka tabaka jembamba baada ya jembamba, na fundi mwenye subira. Naona si haki kumkataza mtu saruji bila kumwonyesha chokaa njema inapatikana wapi na nani anajua kuipiga. Mafundi hao wanastahili kutafutwa na kupewa vijana wa kuwafundisha.

Kama unaishi kwenye nyumba ya namna hii, gonga ukuta kwa vifundo vya vidole, ukianzia chini karibu na sakafu. Ukisikia sauti ya uwazi, kama ya ngoma, lipu imeshaachana na jiwe. Muite fundi wa chokaa kabla ya masika, maana kazi hii inahitaji ukuta uliokauka.