Kwa nini mbu akiwekewa bakteria anashindwa kueneza dengue?

Watu wa Dar tunaikumbuka dengue ya 2014 na ile ya 2019, kidingapopo, viungo vinauma mpaka kujigeuza kitandani ni kazi. Anayeileta ni Aedes aegypti, yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana kweupe na anazaliana kwenye ndoo na matairi mabovu, kwa hiyo neti ya usiku haitoshi.

Sasa wengi hawajui hili, mbu akimnyonya mgonjwa leo, kesho hawezi kukuambukiza. Virusi lazima vizaliane kwanza tumboni mwake halafu vifike kwenye tezi za mate, safari ya kama siku 8 mpaka 12, na mbu wengi wanakufa kabla. Yaani mbu wa kuogopa ni mbu mzee!

Hapo ndipo alipoanzia Scott O'Neill, mwanasayansi wa Australia. Kuna bakteria anaitwa Wolbachia, wadudu kibao wanaye ila Aedes huyu hana, na aina yake moja inaua mapema vile vinzi vinavyorukia ndizi mbivu. Akawaza, nikimpa mbu si atakufa kabla hajazeeka? Wazo dogo tu, likamla miaka na miaka. Timu yake ilimkuza bakteria kwenye seli za mbu karibu miaka 3 ili azoee, kisha mtu anakaa kwenye hadubini na sindano nyembamba ajabu anachoma yai mojamoja, yai lenyewe halifiki milimita 1, maelfu ya mayai, na mengi yanakufa. Mimi hapo nawavulia kofia kabisa.

2009 wakatangaza imewezekana, na mwaka huohuo likaonekana kubwa zaidi: ndani ya mbu mwenye Wolbachia dengue inashindwa kuzaliana, hata awe mzee. Inaelekea bakteria anagombania mafuta na virusi, na kinga ya mbu nayo inaamka. Basi ile aina ya kuua mapema wakaiweka kando maana mbu wake walikuwa dhaifu, wakachukua nyingine, wMel, na Januari 2011 wakaachia mbu huko Cairns, Australia. Jike anarithisha kupitia mayai, na dume mwenye nayo akipanda jike asiye nayo mayai hayaanguliwi, ndo maana inaenea yenyewe.

Yogyakarta, Indonesia, Profesa Adi Utarini na wenzake waligawa mji maeneo 24, 12 yakapata mbu hao. Majibu ya 2021: dengue pungufu kwa 77%, kulazwa hospitali pungufu kwa 86%. Na mbu wenyewe walitoka kwenye vindoo vya maji na mayai, vilivyokaa uani kwa wenyeji waliokubali kufuga mbu nyumbani kwao.