Ripoti ya jenomu ikitoka "safi" bado haijakupa cheti cha afya

"Nimesomewa jenomu yote na ripoti imetoka safi, kwa hiyo sina ugonjwa wowote wa kurithi." Kauli hii kuhusu jenomu, yaani maandishi yote ya urithi yaliyo kwenye DNA ya mtu, imesikika mno, na inaumiza watu. Mmoja anaacha kwenda kuchunguzwa matiti. Mwingine anameza vidonge vya madini ya chuma miezi na miezi, kumbe wekundu wake wa damu uko chini kwa sababu ya alfa thalasemia (hali ya kurithi inayopunguza wekundu wa damu) ambayo kipimo hakikuiona.

Tuanze na hilo neno "yote". Maabara huchukua damu mililita 3 hadi 5 kwenye chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, hutoa DNA na kuikatakata. Mashine zinazotumika zaidi husoma herufi za DNA (A, C, G na T) 150 hivi kutoka kila ncha ya kipande. Jenomu ya binadamu ina herufi takribani bilioni 3.1, na kwa kawaida kila eneo husomwa wastani wa mara 30. Kisha programu hupachika vipande hivyo juu ya jenomu rejea, ile ya mfano ya kulinganishia, na kuorodhesha panapotofautiana.

Sasa angalia alfa thalasemia. Jeni zinazohusika nayo, HBA1 na HBA2, zimekaa jirani na zinafanana kama pacha. Mkato (kipande cha DNA kilichopotea) wa herufi 3,700 hivi, ambao umeenea sana pwani ya Kenya, huacha jeni moja badala ya mbili. Programu ikikutana na kipande ambacho kingeweza kutoka kwenye jeni yoyote kati ya hizo, hukipa alama ndogo ya uhakika na kukiweka kando. Mkato unapita hivyo hivyo bila kuonekana. Selimundu, kwa upande wake, ni herufi moja tu iliyobadilika, GAG kuwa GTG, na hiyo huonekana bila taabu.

Halafu kuna rejea yenyewe. Mradi wa kusoma jenomu ya binadamu uliotangazwa kukamilika mwaka 2003 uliacha mapengo ya karibu asilimia 8, yakaja kuzibwa mwaka 2022. Maabara nyingi bado zinatumia rejea ya zamani, ambayo karibu asilimia 70 yake imetoka kwa mtu mmoja. Watafiti wa H3Africa, mradi wa utafiti wa jenomu barani Afrika, waliposoma jenomu za Waafrika 426, matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwahi kurekodiwa popote. Kwa hiyo mgonjwa wa kwetu hupata kirahisi zaidi jibu la "maana haijulikani", na maabara nyingine haziliandiki kabisa kwenye ripoti.

Kabla ya kulipa, uliza: jeni zipi zitaangaliwa? Asilimia ngapi ya maeneo hayo itasomwa angalau mara 20? Mikato mikubwa itatafutwa? Omba pia data ghafi. Beba diski yenye nafasi ya kutosha, maana jenomu moja hufika gigabaiti 100 hivi, na data hiyo hiyo inaweza kuchambuliwa upya baada ya miaka miwili.

Na hili lisisahaulike: apimwe kwanza ndugu aliyeugua. Dada mzima akipimwa BRCA1, jeni inayohusiana na saratani ya matiti, bila kujulikana mama yao mgonjwa ana badiliko gani, jibu la "hakuna" halimwondolei hatari. Badiliko la mama likishajulikana, "hakuna" ya dada ina uzito.

Mengine ni ya haraka. Kipimo cha DNA cha kutafuta baba huangalia maeneo ishirini hivi tu ya marudio (ambapo herufi chache za DNA hujirudia), wala hakisemi lolote kuhusu magonjwa yako.

Wazazi wote wawili wakiwa AS (wamebeba selimundu bila kuugua), kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS, yaani mwenye ugonjwa wa selimundu. Mtoto wa kwanza kuugua hakuwakingi wanaofuata.

Aliyeongezewa damu hivi karibuni amwambie mtaalamu kabla ya kutolewa sampuli, kwani seli nyeupe za mchangiaji zinaweza kuchanganyika na zake. Asubiri wiki kadhaa, au maabara itumie chembe za ngozi.