Moto mkali hausafishi bomba la moshi

Katika nyanda za baridi, kuanzia Limuru hadi Njombe, wenye nyumba wengi zenye meko ya sebuleni huamini kwamba ukiwasha moto mkali mara moja moja, masizi ya kwenye dohani yataungua yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kumlipa fundi. Imani hiyo ni hatari kweli.

Kuni zinapoungua, hasa mbichi, moshi hupanda na mvuke na gesi ambazo hazikuungua. Zikigusa kuta baridi za dohani huganda na kuwa utando mweusi unaonata kama lami, na utando huo unashika moto. Moto wako mkali unaweza kuuwasha humo humo. Joto likavuka nyuzi 1,000 za Selsiasi, likapasua matofali na kufikia mbao za paa.

Hata usipowaka, utando huziba njia, sawa na viota vya ndege. Hapo monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, hurudi ndani watu wakiwa wamelala.

Shirika la usalama wa moto la Marekani, NFPA, linashauri dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Utando ukifikia milimita 3, usafishwe. Fundi hupitisha brashi, ndiyo, lakini kwangu kazi yake kubwa ni kutafuta nyufa usizoweza kuziona ukiwa chini. Mwite mwezi Mei, kabla baridi ya Juni haijaingia.