Kufuatilia maambukizi ya bakteria kwa vichanga hospitalini maana yake nini?

Ukisikia wodi ya vichanga inafanya ufuatiliaji wa maambukizi usidhani ni nesi kupita na kipimajoto tu. Kupima joto, kuhesabu pumzi, kuangalia kama mtoto ananyonya au kalegea, hiyo ni kazi ya kila siku kwa kila mtoto. Ufuatiliaji wenyewe unaiangalia wodi nzima, yaani nani kaugua, siku ya ngapi tangu azaliwe, bakteria gani na dawa gani bado inamuua huyo bakteria, yote yanaandikwa mwezi hadi mwezi.

Hiyo siku ya ngapi inasema mengi sana. Akiugua ndani ya saa 72 za mwanzo mara nyingi bakteria katoka kwa mama wakati wa kuzaliwa, hapo ndo unakuta streptokokasi kundi B au E. koli. Akiugua baada ya hapo na bado yuko wodini, wanaanza kushukiwa wale wa hospitali kina klebsiela na stafilokokasi, ambao wanasafiri kwenye mikono yetu na mirija ya dripu. Njiti ndo wanaumia zaidi, kinga yao changa, ngozi laini, halafu wanakaa wiki kibao na mirija mwilini.

Kipimo kikuu ni kuotesha damu, yaani damu ya mtoto inawekwa maabara kuona kama kuna bakteria atakayeota humo. Inatakiwa kama mililita 1, na kwa njiti wa kilo moja mwenye damu isiyofika hata mililita 100 mwili mzima hiyo siyo kidogo ati. Majibu yanachukua siku moja hadi mbili au zaidi, ndo maana antibiotiki zinaanzishwa kabla hayajatoka, zikionekana hazihitajiki zinasimamishwa. Na wakati mwingine kinachoota ni bakteria wa ngozi tu aliyeingia na sindano, mtoto haumwi chochote.

Wazazi wengi wanashtuka wakiona mtoto anapitishwa pamba ya kipimo njia ya haja kubwa wakati haumwi. Ile ni kuangalia kama amebeba bakteria sugu. Kubeba siyo kuugua, na kwa kawaida hapewi antibiotiki kwa hilo peke yake, ila wahudumu watavaa glavu na gauni wakimshika ili wasimpelekee jirani.

Kwenye kuhesabu sasa, idadi ya wagonjwa peke yake inadanganya, maana wodi yenye njiti wengi lazima iwe na wagonjwa wengi. Kwa hiyo wanagawa kwa siku za mrija: watoto 10 waliokaa na mrija wa kwenye mshipa mkubwa siku 5 kila mmoja ni siku 50, halafu inatajwa maambukizi mangapi kwa kila siku 1000.

Wakitokea watoto wawili watatu na bakteria yuleyule ndani ya muda mfupi, msako unaanza, sinki, maji ya kupashia maziwa, pampu za kukamulia, na maabara ikiweza inalinganisha vinasaba vya hao bakteria kuona kama wametoka chanzo kimoja.