Parasetamoli na ibuprofeni pamoja si sumu
Kwenye magrupu hauishi kuzunguka ujumbe kwamba ukimeza parasetamoli na ibuprofeni pamoja, zinageuka sumu tumboni. Si kweli. Zinatuliza maumivu kwa njia tofauti, na madaktari huziandika pamoja kwa jino linalouma sana au baada ya upasuaji. Pengine watu wanachanganya na hatari nyingine, ambayo ni ya kweli: kurudia dawa ileile kwa majina mawili. Geuza boksi la dawa ya mafua, soma maandishi madogo; mara nyingi utakuta parasetamoli humo, na mtu mzima asizidishe miligramu 4,000 kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ni ndugu, usizimeze pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito amuulize mfamasia kwanza. Ujumbe huo tafadhali usiusambaze. Kuna mgonjwa anakesha na maumivu kwa kuuamini.